Skrini Nyeusi ya Kirumba

Niliingia. Ndiyo, niliingia, tena si mara moja. Nikiwa na miaka kumi na mitano nilikuwa naingia kwenye banda la video la Kirumba, Mwanza, lile la karibu na uwanja wa mpira, nikiwa na sare ya shule na sweta nimeligeuza ndani nje ili nembo isionekane. Jambo hili nimelikana kwa zaidi ya miaka thelathini. Nimelikana mbele ya mama yangu, mbele ya kaka zangu, mbele ya mume wangu ambaye hata hakuwa ameuliza, na mara moja redioni, katika kipindi cha asubuhi, mtangazaji aliposhangaa inawezekanaje mtoto wa Kirumba asiwahi kuchungulia mabanda yale. Nikacheka kile kicheko cha mtu aliyesoma. "Mama yetu alikuwa mkali," nikasema. Hilo la mama lilikuwa kweli.

Ningeendelea kukana hadi nizikwe, maana nilikuwa nimeshazoea. Kilichoniharibia ni kitabu.

Kitabu chenyewe ni mkusanyiko wa insha zangu. Insha inayokibeba, ile ambayo watu wakikutana nami harusini huitaja hata kama jina langu wamelisahau, inahusu filamu moja ya zamani ya Kimarekani, isiyo na rangi, iliyopigwa kwa fedha kidogo na watu waliokuwa na haraka. Ni katika zile filamu za uhalifu ambazo wataalamu huziita nyeusi: kila mtu ana kofia, kila dirisha lina pazia la mistari, na hakuna anayesema ukweli kabla ya kuwasha sigara. Jina lake sitalitaja. Sitaki mtu mwingine aende kuitazama hadi mwisho.

Hadithi yake ni fupi. Fundi wa kuchonga funguo, mwanamume mmoja mwenye koti moja, anafuatwa dukani na mwanamke anayetaka ufunguo wa nyumba yake uchongwe wa pili. Anauchonga. Baada ya siku mbili mtu anakutwa amekufa ndani ya nyumba ile, na nyumba haikuwa ya yule mwanamke. Fundi anamtafuta mji mzima, na mji mzima ni barabara moja. Nimeihesabu barabara ile. Inaonekana mara tano, kila mara wamebadilisha kibao cha duka na kuongeza ukungu. Ukungu umejaa kwa sababu hawakuwa na nyumba za kuonyesha nyuma yake. Giza ni jingi kwa sababu taa zilikuwa chache. Watu wanasema haraka kwa sababu filamu yenyewe ya kupigia ilikuwa ghali. Katika onyesho moja kivuli cha mtu aliyeshika maiki kinapita ukutani, nao wamekiacha hivyo hivyo, na yule fundi anakitazama kile kivuli kama mtu anayefuatwa. Mpaka leo onyesho lile linanitisha kuliko mazimwi yote ya kompyuta.

Nimechoka kuulizwa kwa nini naipenda. Wananiuliza wasomi wenzangu, ambao wangependa nipende kitu cha Kiafrika, na wananiuliza watoto wangu, ambao wangependa nipende kitu chenye rangi. Jibu langu ni lile lile. Mtu mwenye fedha akitaka kukuonyesha hofu, anajenga jumba, analichoma moto, anakodi helikopta. Wale hawakuwa na kitu. Walikuwa na mlango, taa moja na mwanamume anayetoka jasho. Ikabidi hofu watuonyeshe yenyewe.

Hayo yote yamo kwenye insha. Lakini sehemu iliyonipa jina ni ile inayohusu mwisho. Niliandika kwamba mwishoni yule fundi anafika kwenye mlango wa chumba alimojificha yule mwanamke. Anatoa ufunguo, anaugusisha kwenye kitasa, kisha skrini inakuwa nyeusi. Kwa dakika nne nzima, niliandika, hakuna picha. Kuna sauti tu. Mwanamume anasema, "Ufunguo ninao, lakini nitangoja ufungue wewe." Mwanamke anajibu, "Utangoja sana." Kimya. Halafu sauti ya kiti kikiburutwa sakafuni. Halafu mwanamume, kwa uchovu: "Kesho nina kazi saa mbili." Nyayo zinashuka ngazi. Basi.

Ile insha niliiandika mara ya kwanza nikiwa chuo kikuu Dar es Salaam. Nilidai kwamba fedha ziliwaishia kabla ya onyesho la mwisho, na mwongozaji, badala ya kulia, akaifanya skrini tupu kuwa silaha. Aya mbili nzima zilihusu kile kiti. Nilikiita "samani pekee katika historia ya sinema inayokata tamaa." Mhadhiri wangu alinipa alama ya juu kabisa na kuandika pembeni kwamba nina jicho. Filamu yenyewe hakuwa ameiona. Hakuna aliyekuwa ameiona. Nilisema nimeitazama kwenye kituo kimoja cha utamaduni cha wageni kule mjini, na kwa kuwa mimi ndiye pekee niliyeonekana kupenda vitu hivyo, nikaaminiwa. Insha ikaenda gazetini, ikarudi kwenye jarida, ikasomwa redioni. Nimealikwa mara kadhaa kuzungumzia skrini nyeusi. Nikawa bingwa wa giza la dakika nne.

Mhariri wa kitabu changu yuko Dar. Ni mwanamke mdogo kwangu kwa miaka kumi, mwenye adabu nyingi na ugonjwa wa kuhakikisha kila kitu. Alishanikosoa kuhusu umbali wa Mwanza hadi Ukerewe, mahali nilipozaliwa. Mwezi uliopita alinipigia nikiwa nyumbani Nyegezi, nimekaa barazani nafukuza wale wadudu wa ziwani wanaokuja kama mawingu na kufia kwenye chai.

"Dada, shikamoo. Ile filamu nimeipata."

"Filamu ipi?"

"Ya fundi wa funguo. Ipo mtandaoni, bure kabisa. Nimeitazama kwenye simu nikiwa foleni ya benki."

Nikasema vizuri, hongera, umeionaje.

"Nzuri. Ila dada, skrini nyeusi sikuiona."

"Utakuwa umepata nakala iliyokatwa."

"Haijakatwa. Inaishia na polisi."

"Polisi gani?"

"Wanavunja mlango. Yule mwanamke anapigwa risasi, anakiri kila kitu akiwa kwenye zulia. Halafu fundi anambusu yule msichana wa mgahawani, muziki unapiga, mwisho."

"Msichana gani wa mgahawani?"

Mhariri akanyamaza kwa adabu. Nimewahi kugombezwa kwa Kisukuma, kwa Kikerewe na kwa Kiingereza cha masista, lakini sijawahi kugombezwa vikali kama alivyonigombeza kwa kunyamaza kule.

"Dada," akasema mwishowe, "kitabu kinakwenda kuchapwa baada ya wiki mbili. Nikuachie uangalie mwenyewe."

Nikaangalia. Nilinunua bando, nikafunga mapazia saa tisa mchana kama mtu anayefanya kosa, nikaitazama filamu niliyoitetea maisha yangu yote. Umeme ulikatika mara mbili. Msichana wa mgahawani yupo, yupo tangu mwanzo, anamletea fundi kahawa na kumtazama kwa huruma. Mimi nilikuwa nimemfuta kichwani kabisa. Mlango ukafika. Ufunguo ukagusa kitasa. Nikashika viti vyote viwili pembeni yangu. Polisi wakaingia kwa kelele, wanne, wote wamevaa makoti yanayofanana, na yule mwanamke mwerevu, mkali, aliyemzungusha kila mtu kwa dakika sitini, akafa kijinga huku akiomba radhi. Kisha busu. Kisha vinanda.

Nilikasirika mno. Kwanza nilimkasirikia mwongozaji, kana kwamba ameingia kwenye insha yangu na kuiharibu. Kisha nikamkasirikia mhariri, kwa kuwa na simu. Nikakaa mezani na kuanza kuandika tanbihi. Nina aibu kuinukuu, lakini nimeamua kukiri: niliandika kwamba "inaelekea palikuwa na nakala ya pili, yenye mwisho tofauti, iliyosambazwa Afrika Mashariki." Inaelekea! Nikaisoma kwa sauti. Ilisikika vizuri sana. Hapo ndipo nilipojua nimepotea, maana uongo wangu wote huwa unasikika vizuri.

Ukweli nilikuwa naujua ulipo. Nimekuwa nikiusikia kila wiki.

Ukipita sokoni Kirumba utasikia kipaza sauti cha muuza dawa ya panya. Sauti imerekodiwa, inajirudia tangu asubuhi hadi jioni: "Panya buku, panya mdogo, mende, kunguni, viroboto, wote wanalala, hawaamki, hawakuagi!" Ni sauti nzito, yenye mikwaruzo, inayopumzika mahali pasipotarajiwa. Kwa miaka mingi nimeipita nikiangalia pembeni. Ni sauti ya mtafsiri wa lile banda.

Kwa wasiojua: katika mabanda yale filamu hazikuonyeshwa hivi hivi. Palikuwa na mtu aliyekaa kwenye kigoda pembeni ya televisheni, ana maiki, anapunguza sauti ya Wamarekani au ya Wahindi au ya Wachina, na kusema yeye. Alikuwa mwanamume, mwanamke, mtoto, mbwa na bunduki. Banda la Kirumba lilikuwa la mabati, limezibwa mwanga kwa mablanketi, na sisi tulikaa kwenye mabenchi pamoja na wabebaji wa soko la samaki la Mwaloni waliomaliza kazi. Siku nyingi tuliona ngumi. Lakini mkanda wa ngumi ukiharibika, mwenye banda alitoa mikanda ya kasha moja alilonunua kwa mzungu aliyehama. Ndimo alimokuwa yule fundi wa funguo. Wabebaji walimzomea kwa dakika tano, kwamba hana rangi, kisha wakanyamaza.

Muuza dawa ya panya alinielekeza. Mzee aliyemrekodia anaishi Kisesa, upande wa kwenda Bujora, anatengeneza redio na televisheni. Nikamkuta kwenye kibanda chake, amezungukwa na televisheni zilizofunuliwa migongo. Nikamwamkia.

"Marahaba, mama. Umeleta nini? Kama ni hizi bapa, sitengenezi. Hizi bapa zikifa zimekufa."

Nikamwambia sikuleta kitu. Nimekuja kumwuliza kuhusu filamu aliyotafsiri zamani, Kirumba, ya mchonga funguo. Akaacha kufanya kazi. Akanitazama sana.

"Wewe ni wa mapato?"

"Hapana, mzee."

"Wa hakimiliki?"

"Mimi ni mwandishi tu."

"Wa gazeti?"

"Wa vitabu."

"Aa," akasema, akarudi kwenye nyaya zake. "Basi huna madhara."

Alikuwa anaikumbuka. Aliikumbuka kwa hasira, kama mtu anavyomkumbuka mpangaji msumbufu. "Ule mkanda ulikuwa mbovu mwishoni," akasema. "Si mbovu, umerekodiwa juu. Shemeji yake mwenye banda aliuazima, akarekodia harusi. Sasa fikiria mwenyewe. Mtu anafika mlangoni, anatoa ufunguo, watu wote humo ndani hawapumui, halafu paa! Bwana harusi anakata keki. Mara ya kwanza walitaka kunipiga."

"Ukafanyaje?"

"Nikajifunza. Mkono wa kulia maiki, wa kushoto nimeshika kitufe cha mwanga cha televisheni. Ufunguo ukigusa tu kitasa, nakizungusha mpaka mwisho. Giza. Nazima na sauti. Halafu namalizia mwenyewe kwa mdomo mpaka watu waridhike."

Alisema hivyo tu, kama anavyoeleza jinsi ya kubadili fyuzi. Dakika zangu nne. Ujasiri wangu wa mwongozaji. Nikauliza kuhusu kiti, kwa sauti ndogo.

"Kiti kipi?"

"Mwishoni kulikuwa na sauti ya kiti kinaburutwa. Kwenye giza."

Akafikiri. Akacheka mpaka akaweka bisibisi chini. "Kile kilikuwa kigoda changu, mama! Nainuka kubadili mkanda!"

Nilitaka kuondoka hapo hapo, lakini palikuwa na jambo moja bado, nalo ndilo nililolifuata. Nikamsomea maneno. Ufunguo ninao, lakini nitangoja ufungue wewe. Utangoja sana. Kesho nina kazi saa mbili. Niliyasoma taratibu. Nilikuwa nimejiandaa kumwambia kwamba haya ndiyo maneno bora niliyowahi kuyasikia kwenye sinema, kwamba nimejenga maisha yangu juu yake, kwamba nitaliandika jina lake kama akikubali.

Mzee akatikisa kichwa.

"Hayo si yangu."

"Ni yako, mzee. Nilikuwepo."

"Mama, mimi nilikuwa naua. Wabebaji wamekaa saa nzima kwenye joto, halafu niwaambie jamaa amekwenda kulala kwa sababu ana kazi? Wangevunja benchi. Nilikuwa naua mwanamke, siku nyingine naua mwanamume, Jumamosi naua wote wawili na polisi mmoja. Kila siku nilibadilisha, maana wengine walirudi. Lakini kuua, niliua." Akanionea huruma. "Hayo maneno mazuri. Utakuwa umeyatunga wewe. Si umesema ni mwandishi?"

Nikarudi Nyegezi nikiwa na hali mbaya kuliko niliyokwenda nayo. Kabla ya Kisesa nilikuwa mtu aliyekosea chanzo. Baada ya Kisesa nilikuwa mtu aliyebuni filamu, akaisifu, akapewa alama kwa kuisifu, na akamsingizia Mmarekani. Nilijaribu kukumbuka siku yenyewe. Nakumbuka giza, nakumbuka mgongo wa mtu mbele yangu. Lakini maneno nimeyaandika na kuyasoma mara nyingi mno. Ni kama picha ya pasipoti, sijui tena kama nafanana nayo. Nilikuwa binti wa miaka kumi na mitano aliyekuwa anatunga mashairi kuhusu mawe. Nilikuwa na uwezo kabisa wa kutoka bandani, kuchukizwa na mauaji, na kujitungia mwisho wangu njia nzima mpaka nyumbani.

Nikampigia mhariri, nikamwambia insha iondolewe.

"Dada, ndiyo insha ya kwanza. Jalada lina mlango na ufunguo."

"Badilisheni jalada."

"Au uiandike upya. Useme uliiona wapi hasa na ilikuwaje. Kama kuna mtu mwingine aliyesikia mwisho ule, unakuwa umesema kweli. Hata mmoja anatosha. Mimi ningeisoma hiyo." Kisha akauliza, "Hakuna uliyekwenda naye?"

Sikuwa nimekwenda na mtu. Ungeenda na nani, ukiwa msichana pekee humo ndani? Na kuiandika upya kulikuwa na shida nyingine, ambayo sikumwambia kwa sababu ni aibu kwa mtu wa umri wangu. Mama yangu magazeti na redio hana habari navyo, lakini vitabu vyangu husoma vyote. Ana miaka themanini kasoro kidogo, bado anaishi Kirumba, na ni mweka nidhamu wa akina mama wa kanisani. Aliuza dagaa Mwaloni miaka ishirini ili sisi tusome. Mabanda ya video aliyaita choo cha shetani. Kila Jumatano nilimwambia nimechelewa maktaba, naye kila Jumatano aliniuliza nimesoma nini, nami nikamsimulia kitabu. Vitabu vyenyewe nilikuwa nabuni. Sasa ningemwambiaje? Kwamba ada yake ilifundisha nini hasa?

Nilimtembelea Jumapili ili nimwambie uso kwa uso. Tulikula sato. Nilimsifia mboga. Nikaosha vyombo ambavyo vilikuwa vimeoshwa. Akaniuliza kama nimegombana na mume wangu. Nikasema hapana, nikaaga, nikaondoka, na njiani nikajitukana kwa lugha zote ninazozijua.

Jumatatu saa nne asubuhi nikampigia simu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Ulisahau nini?"

"Sikusahau kitu. Kuna jambo nataka kukuambia. La zamani."

"Jana hukuliona?"

"Jana nilishindwa."

"Una mimba?"

"Mama, nina miaka arobaini na minane!"

"Basi sema, nina sufuria jikoni."

Nikasema. Niliitoa yote kwa mkupuo mmoja: kwamba nikiwa kidato cha pili, Jumatano, sikuwa maktaba, nilikuwa naingia banda la video, na kwamba nimemdanganya miaka yote hii, na kwamba naomba anisamehe kwa sababu inabidi niliandike kitabuni. Nikasikia kifuniko cha sufuria kikiwekwa.

"Lile la nyuma ya soko, au la karibu na uwanja?"

"La karibu na uwanja."

"Eeh. Sasa jambo lenyewe ni lipi?"

"Ndilo hilo, mama."

"Hilo nalijua. Si nilikuwa nje."

Niliondoa simu sikioni, nikaitazama, nikairudisha.

"Nje wapi?"

"Nje ukutani, upande wa kivuli. Ulitaka nikae wapi, ndani na wale wavuta bangi? Nilikaa pale na beseni langu mpaka nione umetoka. Ukishika njia ya juu, mimi napita ya chini, nafika nyumbani kabla yako."

"Kila Jumatano?"

"Jumatano ngapi nikuambie? Zote."

"Kwa nini hukuniita? Kwa nini hukunichapa?"

"Ningekuchapa ungehamia lile la nyuma ya soko. Lile lilikuwa la wahuni kabisa, na nje hakuna pa kukaa." Akavuta pumzi, kama mtu aliyeulizwa swali la kitoto. "Na ulikuwa unarudi unanisimulia vile vitabu vyako. Nikasema, huyu anaelewa anachokiona."

Lilibaki jambo moja, lile nililotaka kulijua kuliko yote, na nililoogopa kuliuliza kuliko nilivyoogopa kukiri.

"Mama, mabati yale yalipitisha sauti?"

"Yule mtu alikuwa anapiga kelele mpaka Mwaloni wanasikia."

"Unaikumbuka moja, ya mchonga funguo? Mwanamume anamtafuta mwanamke?"

"Yule mjinga?"

"Mjinga kwa nini?"

"Mwanamume mzima amefika mlangoni, ufunguo anao mkononi, anasema anangoja afunguliwe. Nikasema, huyu naye! Ila yule mwanamke alimpa jibu lake. Utangoja sana." Mama akacheka, cheko fupi la puani. "Nilifurahi. Siku zote walikuwa wanawaua wanawake mle ndani, siku ile akaachwa. Ndani mkanyamaza wote, nikadhani umeme umekatika. Mpaka nikasikia kiti."

Nilikuwa nimekaa chini, barazani, sakafuni. Nikamwuliza anakumbuka mwanamume alisema nini baada ya kiti.

"Alisema ana kazi asubuhi. Nami nilikuwa na kazi, nikajitwika beseni. Unalia nini sasa?"

"Silii."

"Haya. Hicho kitabu andika unavyotaka, umeshakuwa mkubwa. Ila usiandike nilikuwa nakufuata, watu wa kanisani watasema nilikuwa nasikiliza video. Andika nilikuwa nauza dagaa." Sufuria ikafunuliwa tena. "Na niliuza. Wale wabebaji walikuwa wanatoka na njaa."